Kambi ya likizo Lushoto: nani atampokea mtoto, na nani atamrudisha?

Likizo ya Juni ikikaribia, simu zetu sisi tunaosafirisha watoto hapa Ngamiani, Tanga, huanza kulia kwa swali lile lile: "Mnapeleka watoto Lushoto? Bei gani?" Bei tunaitaja, lakini kwanza na sisi tunauliza la kwetu: siku ya kurudi, nani atakuwepo kumpokea? Hapo mzazi hunyamaza kidogo. Safari ya kwenda imeshapangwa yote: begi limenunuliwa, sweta limeazimwa kwa binamu, ada ya kambi imelipwa. Ya kurudi, "tutaona hukohuko mbele."

Kambi zenyewe ni za kila namna. Kuna za kanisa, za vijana wa msikitini, za skauti, za mpira, na za masomo kwa walio madarasa ya mtihani. Wanaoziendesha kwa kawaida wanajua kukaa na watoto wakishaingia getini. Shida iko nje ya geti, kabla ya kuingia na baada ya kutoka.

Kwa desturi, mzazi anamleta mtoto stendi ya Kange alfajiri, anamtafutia siti ya dirishani, kisha anamwita konda: "Kaka, huyu mwanangu anashuka Mombo, mjomba wake atampokea." Konda anajibu, "Ondoa shaka mama," na hadanganyi, anakusudia kweli. Ila konda huyo ana basi zima la abiria, ana vifurushi vya kushusha Muheza na Korogwe, ana chenji za watu mkononi. Basi likifika Mombo linasimama dakika chache, mtoto anashushwa na begi lake. Kama mjomba bado yuko kwenye Hiace anateremka kutoka Soni, basi halimsubiri. Mtoto anabaki kwenye kibanda cha muuza chai. Wengi wa akina mama wale ni watu wema, watamkalisha na kumpa chapati. Lakini hakuna aliyempangia hivyo.

Kurudi ndiko kugumu zaidi. Magari ya moja kwa moja kutoka Lushoto kuja Tanga mengi huondoka asubuhi, na kambi hufungwa kwa sherehe: vyeti, picha, hotuba ya mgeni rasmi (na mgeni rasmi tunamjua, akiambiwa saa tatu anatokea saa tano). Mpaka watoto waachiwe, ni mchana. Inabidi kuteremka Mombo na kusubiri basi la njiani. Sasa mabasi yanayopita pale yakitoka Moshi na Arusha mengi ni ya Dar es Salaam. Hayafiki Tanga. Yakifika Segera yanashika njia ya Chalinze, na wa Tanga anatakiwa ashuke abadilishe gari. Mchukue mtoto wa miaka kumi na mbili aliyekesha usiku wa mwisho wa kambi akiimba, mkalishe dirishani apulizwe na upepo. Segera itampita amelala. Ataamka Mkata, au Chalinze kabisa, na simu hana kwa sababu kambi ilikataza simu.

Mashirika ya ndege jambo hili yameshalimaliza siku nyingi. Kwenye mashirika mengi, mtoto anayesafiri bila mkubwa hujaziwa fomu: nani anamleta uwanjani, nani atampokea, namba zao za simu. Wafanyakazi wanapokezana kumwangalia mpaka upande wa pili, na anayempokea anaonyesha kitambulisho na kuweka sahihi. Jina lako halimo, hupewi mtoto, hata uwe baba yake mdogo. Ndugu zetu wa Uingereza na Marekani wanaowaleta watoto kwa bibi mwezi wa Julai na Agosti wanaujua utaratibu huu vizuri. Sisi tumeuteremsha tu kutoka kwenye ndege mpaka kwenye gari letu la Noah.

Kwetu fomu ni ukurasa mmoja. Ina jina la mtoto, sahihi ya mzazi ya kuruhusu safari, na majina mawili ya wapokeaji kila upande: wa kwanza na wa akiba, na nakala za vitambulisho vyao. Wa akiba tunamsisitiza kwa sababu wa kwanza ndiye ambaye simu yake huzimika chaji siku hiyo hiyo. Fomu hii inatusaidia barabarani pia. Trafiki akisimamisha gari lenye watoto kumi ambao hakuna hata mmoja aliye wa dereva, ana kila haki ya kuuliza wanakwenda wapi na kwa ruhusa ya nani. Na mzazi asituambie "wangu ana kumi na sita, ni mtu mzima, huyo hana haja ya fomu." Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, hata kama ameota ndevu.

Halafu kuna neno la siri. Mzazi anachagua na mtoto wake nyumbani neno ambalo mtu wa nje hawezi kulibahatisha. Familia moja walichagua "mchuzi wa pweza." Anayekuja kumpokea asipolisema, mtoto haondoki, na mlezi wetu anayesafiri na watoto naye haondoki. Watoto hulipenda sana hili. Wakubwa ndio wanaoona aibu kusimama mbele ya geti la kambi na kutamka mchuzi wa pweza. Ukiona mpokeaji anakasirika kuulizwa, ndipo uzidi kuuliza.

Jina la mtoto liandikwe ndani ya begi, lisiandikwe nje kwa maandishi makubwa. Mtu asiyemjua akilisoma jina kwenye begi anaweza kumwita kwa jina, na mtoto akiitwa jina lake huamini kwamba anajulikana. Namba ya mzazi aikariri kichwani. Akariri na 116, namba ya bure ya msaada kwa watoto.

Sasa njia yenyewe. Kutoka Tanga mpaka Mombo ni lami nzuri na watoto huimba. Kutoka Mombo kupanda Lushoto ni kilomita 33 za kona, ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande wa pili. Mtoto aliyeamka usawa wa bahari anapelekwa juu mpaka takriban mita 1,400. Hapo ndipo chipsi mayai za asubuhi hurudi. Sisi tunawapa chai kavu na mkate kabla ya kuondoka, wenye kutapika tunawakalisha mbele waangalie barabara, simu na vitabu vinawekwa chini, mifuko iko tayari mfukoni kwa mlezi. Tangawizi ya kutafuna huwasaidia baadhi. Soni tunasimama wanyooshe miguu. Dereva hapandi kwa haraka, na mzazi anayepiga simu kila dakika kumi kuuliza "mmefika?" tunamwomba ampigie mlezi, dereva hapokei simu akiwa njiani.

Baridi ya Juni na Julai kule si mchezo kwa mtoto wa pwani. Sweta moja halitoshi, aongezewe soksi na kofia ya kulalia. Mwenye selimundu ndiye wa kuangaliwa zaidi, kwa sababu baridi na kukosa maji vinaweza kumwamshia maumivu makali. Mzazi aongee na daktari wake kabla ya kulipa ada ya kambi, asingojee asubuhi ya safari. Pumu vilevile. Dawa zikabidhiwe kwa mlezi mkononi pamoja na maelezo na kadi ya bima, zisifichwe chini ya nguo. Na kama mtoto bado anakojoa kitandani, tafadhali sema. Mlezi akijua atalimaliza kimyakimya na mwalimu wa kambi. Asipojua, wenzake watajua kwanza.

Kuhusu bei, wengi huilinganisha na nauli ya basi kisha wanashangaa. Nauli ya basi ni ya siti moja. Kwetu unalipia siti, mlezi anayekaa na watoto, kusubiri mpaka sherehe iishe, na gari linalorudi Tanga tupu baada ya kuwashusha, kwa maana siku ya kufungua kambi hakuna mtoto anayeteremka. Mafuta ya kurudi tupu lazima mtu ayalipe. Njia ya kupunguza ni moja: wazazi mjiunge. Watoto wa Raskazone, Chumbageni na Makorora wakienda kambi moja siku moja, gharama inagawanyika na kila mmoja anahisi nafuu. Watoto wakizidi Noah tunatafuta Coaster, lakini kila mtoto siti yake na mkanda wake. Kupakatana hatufanyi hata kwa ndugu wa tumbo moja.

Kuna watakaokupa bei chini ya yetu. Huenda ni watu wazuri tu. Muulize maswali mawili: gari lina leseni ya kubeba abiria kutoka LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini? Na bima yake ni ya biashara au ya gari la nyumbani? Bima ya gari binafsi, gari likikutwa limebeba abiria wa kulipa, inaweza kukataa kulipa pale mnapoihitaji. Omba uone karatasi yenyewe. Kwetu ziko mezani, hata ukija kuuliza tu.

Tusichofanya: hatuchukui mtoto wa chini ya miaka sita bila ndugu mkubwa, hatusafiri na watoto usiku, na hatumwachi mtoto popote kwa maelekezo ya simu kutoka kwa mtu ambaye hayumo kwenye fomu. Mpokeaji akichelewa, mlezi anakaa na mtoto, na saa za kusubiri zinalipiwa. Akikosekana kabisa, mtoto anarudi na sisi mpaka kwa mzazi, na safari hiyo pia inalipiwa. Tunayasema haya mapema ili tusije tukagombana stendi.

Kwa likizo ya Juni na ya Desemba, leta fomu ya kambi, nakala ya kitambulisho chako na majina manne ya wapokeaji, mawili ya kule na mawili ya huku. Siti ya kwenda na ya kurudi zinalipiwa pamoja. Ya kwenda peke yake hatuiuzi.