Risala ya Kikundi cha Altrasaundi ya Kitandani kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mfawidhi, wakuu wa idara, wauguzi na ndugu waalikwa: shikamooni kwa wanaostahili, na habari za asubuhi kwa wenzetu.

Tunamshukuru Mungu, na tunakushukuru wewe kwa kuacha majukumu mengi uje kutusikiliza.

Kikundi chetu, cha kumpima mgonjwa kwa altrasaundi pale pale kitandani, kilianza na matabibu wanne na simu moja ya kuangalizia video za mafunzo. Leo tuko kumi na mmoja, tuna katiba, tuna muhuri, na fulana hizi unaziona. Kila mmoja wetu anajua, hata akiamshwa usingizini, kwamba majeruhi akilala chali damu iliyovujia tumboni hupenda kujikusanya kati ya ini na figo ya kulia. Anakuonyesha papo hapo, kwenye mchoro.

Mheshimiwa, hapo kwenye mchoro ndipo tulipokwama.

Mashine ya altrasaundi ni moja, iko chumba cha mionzi, na ufunguo huondoka saa tisa na nusu alasiri. Ajali za bodaboda hazina saa. Akiletwa usiku kijana ambaye presha inashuka, au mama aliyekosa siku zake, tumbo linamkata na kizunguzungu kimemshika, tunataka kujua jambo moja: kuna damu tumboni? Mwenye uzoefu huiona kwa dakika chache, mgonjwa akawahishwa upasuaji. Sisi tunabonyeza tumbo, tunasubiri, tunaandika rufaa.

Na uzoefu hauji kwa semina. Chama cha madaktari wa dharura cha Marekani kinashauri picha 25 hadi 50 zilizokaguliwa, kwa kila aina ya kipimo. Semina yetu ilikuwa ya siku mbili. Kila mmoja alishika probu, kile kifaa cha mashine kinachopitishwa juu ya tumbo, mara tatu, moja ikiwa ya kupigwa picha ya kumbukumbu. Vyeti tulipewa, vizuri sana.

Mgeni rasmi wa mwaka juzi alituahidi mashine ya mkononi kabla ya mvua za vuli. Tulipiga vigelegele, tukashona na kitambaa cha kuifunikia. Vuli mbili zimepita, kitambaa tunacho. Wa mwaka jana, kwa ukarimu wake, aliahidi mashine mbili.

Tunaomba mashine moja ndogo ya betri ikae idara ya dharura, na mtaalamu aje mara moja kwa mwezi kukagua picha zetu, aseme nani ameona na nani amebahatisha. Ikibidi kuchagua, tupe mtaalamu kwanza. Asiyekaguliwa huona kivuli cha ubavu akakiita damu, na mgonjwa akapasuliwa bure. Ufunguo wa chumba cha mionzi tutaubembeleza wenyewe, na jeli tutanunua.

Tunajua utatujibu kwamba umepokea. Tutafurahi zaidi ukitaja na mwezi.

Mwenyekiti atakukabidhi nakala ya risala hii. Zile za miaka miwili iliyopita tumezibana nyuma yake.

Naomba kuwasilisha.