Barua ya wazi kwa mpwa wangu anayedhani Soweto ni Ulaya

Marahaba, mpwa wangu. Sauti zako zote tatu za WhatsApp nimezisikiliza, hata ile ya dakika sita uliyoirekodi ukiwa juu ya bodaboda na abiria nyuma. Mama yako akiijua hiyo tutagombezwa wote wawili. Unauliza kama uuze bodaboda unifuate huku Soweto, Afrika Kusini. Nakujibu hadharani kwa sababu si wewe wa kwanza kuniuliza, na nimechoka kuandika jambo lilelile kwa kila kijana wa ukoo.

Umeona picha: lami hadi mitaa ya ndani, nyumba za matofali zenye geti, jumba la maduka la Maponya Mall na vioo vyake. Vyote vipo, sibishi. Ila ukaongeza, "na huko umeme haukatiki." Hapo nilicheka mpaka mashine ya kunyolea ikamparuza mteja sikio.

Ukifika Orlando, hapahapa Soweto, utaiona minara miwili mikubwa ya mviringo, imechorwa picha za rangi chini hadi juu. Siku hizi watu hulipa wafungwe kamba ya mpira wajirushe kutoka kule juu. Zamani ilikuwa ya kupozea maji ya kituo cha umeme wa makaa ya mawe. Kituo hicho kiliwasha taa za Johannesburg kwa miongo, moshi wake ukitua Soweto, na nyumba nyingi za Soweto zikakaa na mishumaa na majiko ya makaa hadi miaka ya 1980. Kikafungwa 1998. Mimi kila nikipita pale hukumbuka hilo, na wanaojirusha hupiga kelele za furaha.

Sasa nyaya zipo kila nyumba. Mwaka 2023 mgawo ulikuwa wa nchi nzima, karibu kila siku, na tangu Machi 2024 umetulia sana. Lakini mitaa kama huu ninaokaa ina mgawo wake wa pili, wanauita kupunguza mzigo: unakatwa asubuhi na jioni, saa zilezile watu wanapopika, ili transfoma isilipuke. Sababu inayotolewa ni waliojiunganishia kinyemela. Waya hao wa wizi wanaitwa izinyoka, neno ambalo wewe huhitaji kufundishwa. Na wengine hawalipi tangu migomo ya kodi ya nyumba ya miaka ya 1980, wakati kutolipa ilikuwa njia ya kupigana na ubaguzi. Ubaguzi ukaondoka, deni likabaki, sasa ni mabilioni ya randi. Asiyejiunganishia wala kudaiwa anakaa gizani pamoja na wenzake, kwa kuwa transfoma ni moja.

Mwezi uliopita nilikuwa na mteja, kijana anakwenda kwenye usaili wa kazi. Nimemaliza upande wa kushoto, umeme ukakatika. Betri yangu ya akiba ilikuwa imekwisha chaji tangu asubuhi. Tukamsimamisha nje, jirani akamulika kwa simu, nikamalizia kwa mkasi na wembe. Alilipa nusu. Sikubisha.

Halafu jambo la kukufurahisha: LUKU, ule umeme wa kulipia kabla unaomnunulia bibi kwa simu, zile tarakimu 20, mfumo wake ulizaliwa hukuhuku Afrika Kusini.

Usafiri wao ni hiace kama za kwetu, wanaziita teksi, ila hazina konda. Unasimama barabarani, kidole cha shahada juu kama unakwenda mjini, chini kama unaishia hapahapa mtaani. Ukikosea kidole, dereva hapunguzi hata mwendo. Ndani, nauli inapita mkono kwa mkono kutoka kiti cha nyuma hadi mbele, na aliyekaa karibu na dereva ndiye anayehesabu chenji ya gari zima. Mimi siku ya kwanza, mgeni, nikaona kiti cha mbele kiko wazi, nikakirukia. Ikaja noti ya randi 100 ya watu wawili, ikaja sarafu za watu watatu, mtu wa nyuma anasema Kizulu, dereva ananitazama, jasho linanitoka. Mama mmoja nyuma yangu akaninyang'anya zile pesa mapajani, akagawa chenji kwa sekunde kumi, akanipigapiga bega. Haikupotea hata senti. Ningeulizwa maendeleo ya Soweto ni yapi, ningemtaja yule mama kabla ya lami.

Napanga chumba cha uani, kwenye mojawapo ya vile vijumba vya vyumba vinne ambavyo serikali ya ubaguzi iliwajengea Waafrika, vyote sare kama viberiti. Mwenye nyumba ni bibi mjane. Kila mtu anamwita gogo, nikadhani wanamtukana, kumbe kwao gogo ni bibi. Anaishi kwa pensheni ya wazee na kodi yetu sisi wa mabandani. Ni mweka hazina wa stokvel, yaani upatu: akina mama wanachanga kila mwezi, na Desemba wananunua vyakula kwa jumla. Siku ya mgao uani hapapitiki. Unga, mchele, mafuta, sukari, vimepangwa kwa mafungu, na gogo anazunguka na daftari lake la jalada jeusi, anahesabu kwa ncha ya fimbo. Mwaka jana fungu moja lilipungua sabuni mbili. Hakuna aliyeruhusiwa kuondoka hadi zikapatikana, chini ya kiti cha mjukuu wake.

Sikufichi la hofu. Mei 2008 ghasia dhidi ya wageni zilianzia Alexandra, mtaa wa Johannesburg, zikaua watu 62, na hazikuwa za mwisho. Novemba 2024, baada ya vifo vya watoto waliodhaniwa kula vyakula vyenye sumu, Rais Ramaphosa alitoa siku 21 maduka ya mitaani yajisajili. Msomali wa kona yetu alifunga wiki nzima, na mimi nikawa nateremsha mapazia ya kibanda mapema. Kuna neno la dharau wanalotuita sisi wageni, kwerekwere. Utalisikia.

Lakini kuna mzee hunyolewa kwangu kila Jumamosi. Alikimbia nchi baada ya maandamano ya wanafunzi wa Soweto ya Juni 16, 1976, akalelewa Mazimbu, Morogoro, kwenye shule yenye jina la mpigania uhuru Solomon Mahlangu, pale ambapo leo ni kampasi ya SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Akiingia husema, "Habari za asubuhi, ndugu," kwa Kiswahili cha miaka ile, na kibanda kizima kinanyamaza. Wakikaa wenye maneno yao, hawayasemi mbele yake.

Bodaboda usiuze. Maliza kwanza deni lake, pata pasipoti, uje na nauli ya kurudi mfukoni, ukae kwangu wiki chache uone. Na ukija niletee doti ya kanga ya gogo. Jina la kanga lisome vizuri kabla ya kulipa, usiniletee mipasho, maana ataniuliza limeandikwa nini, na mimi kwake siwezi kudanganya.

Mjomba wako