Ukiweka KX kwenye dai, umeapa

Kila inapofika katikati ya mwaka, wateja wetu wenye kliniki za fiziotherapia hapa Marekani hutuuliza: "Mbona madai ya Medicare yaliyokuwa yakilipwa bila shida sasa yanarudi?" Wanasema madai ya malipo yanayotumwa kwa Medicare, bima ya afya ya serikali, hasa ya wazee. Mara nyingi jibu limo katika herufi au tarakimu mbili zinazofuata msimbo wa huduma, yaani modifaya.

Modifaya ya GP ni nyepesi. Inaonyesha kwamba huduma, tuseme mazoezi ya tiba ya msimbo 97110, imetolewa chini ya mpango wa fiziotherapia. Ikisahaulika, dai hurudi. Unairekebisha, unatuma upya.

KX ndiyo inayotunyima usingizi. Kila mgonjwa ana kiwango chake cha gharama za tiba kwa mwaka. Mwaka 2025 kilikuwa dola 2,410, na humo fiziotherapia huhesabiwa pamoja na tiba ya matamshi. Si kikomo, maana kikomo kiliondolewa na sheria ya 2018, lakini gharama zikivuka hapo dai lisilo na KX hukataliwa. Basi wengine huibandika KX tangu ziara ya kwanza ya Januari ili wasisumbuke baadaye. Tafadhali msifanye hivyo. Kwa KX unathibitisha kwamba mgonjwa bado anahitaji mikono ya mtaalamu, na kwamba faili lake linaonyesha hivyo. Faili lililoandikwa "anaendelea vizuri" wiki sita mfululizo halionyeshi kitu. Andikeni vipimo: goti linakunjika nyuzi ngapi leo, wiki iliyopita zilikuwa ngapi, anapanda ngazi ngapi bila kushikilia ukuta, na lipi bado linamshinda. Gharama zikipita dola 3,000 dai laweza kuchaguliwa kukaguliwa, na mkaguzi atasoma maandishi hayohayo.

Tena kiwango humfuata mgonjwa popote aendapo. Mzee aliyepata kiharusi, akatibiwa matamshi mahali pengine tangu Machi, anaweza kufika kwenu Agosti akiwa amebakiwa na dola 200 tu. Kwa hiyo sisi huangalia salio kabla ya ziara ya kwanza, hata mgonjwa akisema hajatibiwa popote. Wagonjwa wengi hawajui kwamba tiba ya matamshi imo katika hesabu hiyo.

Huduma ikitolewa na msaidizi wa fiziotherapia, au sehemu yake inayozidi asilimia 10, CQ huwekwa pamoja na GP. Tangu 2022 Medicare huilipa huduma hiyo asilimia 85 ya malipo ya kawaida. Inauma kwa kliniki ndogo, tunajua, lakini kuiacha CQ ni kudai fedha zisizo zenu. Nayo modifaya ya 59 iwekeni pale tu huduma mbili, kama tiba ya kikundi na ya mtu mmoja, zilipofanyika siku moja kwa nyakati tofauti, na nyakati hizo zimeandikwa.

Mwenye madai yaliyorudi mwaka huu atuletee pamoja na maandishi ya kila ziara. Bila hayo hatutaweka KX kwenye dai lolote.