Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024

Ndugu wanachama,

Nawashukuru mliofika. Mwaka huu tulifanya vikao vya kila robo mwaka, tukawapa mafunzo wasaidizi wapya wa kisheria na kuitikia mialiko ya shule na makanisa. Hayo mnayajua, na katibu ameyaandika vizuri.

Nitakalolieleza kwa kirefu ni suala la vipeperushi, kwa sababu nimesikia ikisemwa kwamba mwenyekiti aliufungia ukweli stoo.

Tarehe 31 Julai mwaka huu Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilitangaza Sheria yote ya Fedha ya 2023, yaani sheria ya kodi, kuwa batili. Simu yangu haikunyamaza siku hiyo. Kabla ya wiki kwisha, kamati ndogo ya uhamasishaji ilikuwa imechapisha vipeperushi 2,000 kwa herufi nyekundu: SHERIA IMEKUFA, DAI KODI YAKO. Nilionyeshwa nakala wakati mchapishaji ameshalipwa. Nikaagiza maboksi yasifunguliwe. Sikuitisha kikao, hilo nalikubali, lakini jambo halikungoja akidi ambayo sote tunajua ingechukua mwezi kutimia.

Sababu yangu ilikuwa moja. Mahakama ya Rufaa haina neno la mwisho. Serikali ilikuwa na haki ya kwenda Mahakama ya Juu, iliyo ya mwisho, na ilikwenda. Agosti hiyohiyo utekelezaji wa hukumu ukasimamishwa, na tarehe 29 Oktoba hukumu yenyewe ikatenguliwa. Sheria tuliyoitangazia kifo kwenye karatasi zetu iko hai. Mama mmoja alinijia na karatasi ya mshahara wa mwanawe, ameikunja mara nne, akiuliza aipeleke dirisha gani arudishiwe makato. Kuna aliyemwambia mapema kuliko sisi. Ningependa walionilaumu wangekuwepo kumjibu.

Tangu nichaguliwe nimekuwa nikisisitiza kwamba tukisikia neno "batili" tuulize kwanza: ni mahakama ipi imesema? Mkataba wa ujenzi wa SGR, reli ya kisasa ya Nairobi hadi Mombasa, uliharamishwa na Mahakama ya Rufaa Juni 2020, treni za abiria zikiwa zinakwenda Mombasa tangu 2017. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ikaamua vingine. Kwa upande wa pili, uchaguzi wa urais ulipofutwa tarehe 1 Septemba 2017, aliyesema ni Mahakama ya Juu, hivyo nchi ikarudi kupiga kura. Mswada wa BBI, wa kurekebisha Katiba, nao ulikwama mahakama zote tatu, yaani Mahakama Kuu, ya Rufaa na ya Juu, kuanzia Mei 2021 hadi Machi 2022. Hapo ungechapisha kipeperushi, nami ningekibeba mwenyewe.

Swali la pili ni kuanzia lini. Septemba hii Mahakama Kuu imesema sheria ya NG-CDF, hazina ya maeneobunge inayotoa basari, inakiuka Katiba, lakini ikaiacha iendelee hadi 30 Juni 2026. Mzazi aliyesikia redioni kwamba hazina imefutwa, akaacha kuomba basari, amepoteza karo iliyokuwa bado ipo. Makosa ya namna hii ndiyo tuliyoundwa kuyazuia. Nilikesha nikisoma hukumu hizi na sijutii agizo langu. Ningelitoa tena.

Kuhusu fedha: salio la mwaka jana Sh22,450, ada Sh37,200, vipeperushi Sh18,000, ukumbi na vifaa Sh21,300, salio la sasa Sh20,350. Wanachama ni 84, waliolipa 31. Deni la ada za mwaka huu pekee ni Sh63,600. Inaniuma kwamba wengi wa waliopaza sauti kuhusu Sh18,000 hawamo kwenye orodha ya waliolipa. Mahudhurio nayo yamedorora. Katika vikao vinne, viwili vilikosa akidi, na kimoja tulikaa saba, viti vingine vikiwa bado vimepangwa ukutani tangu asubuhi. Mahakama hubatilisha sheria kwa sababu wananchi hawakushirikishwa. Hapa kwetu milango iko wazi na watu hawaingii.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akijalia, kuanzisha darasa la kusoma hukumu na pengine kupata wakili wa kutushauri bila malipo. Mazungumzo yapo. Maboksi bado yako stoo, na upande wa nyuma wa karatasi ni mweupe. Napendekeza tuutumie kueleza ngazi za mahakama, mkutano huu ukiridhia.

Mwenyekiti