Kwani wote lazima tushike maiki?

Mhariri salaam, mi muumini tu wa huku Nkuhungu, Dodoma. Juzi tulienda kumwona mama mmoja mgonjwa, mwinjilisti wetu akahubiri weee mpaka mama wa watu akasinzia, ila dada mmoja wa kwaya, ambae hata kuomba mbele za watu anaogopa, akajipenyeza jikoni akasonga ugali wa uwele na mlenda, vyombo akaosha, mama alipoamka akala ndo akauliza, eti Jumapili mnaanza saa ngapi? Sasa Paulo si aliwaambia Wakorintho mwili una viungo vingi, mbona kwetu kila mtu anataka kuwa mdomo (mwinjilisti wetu nampenda lakini, asininunie)? Na huyo dada kwenye ratiba ya uinjilisti wala hayumo.

Msomaji, Dodoma