Mama Shani, huo mgongo tusiufanyie mchezo

Mama Shani wangu,

Voisi yako nimeisikiliza mara mbili, ya kwanza nikacheka ulivyosema unashuka kitandani kama kinyonga, ya pili sikucheka tena maana hiyo hali naijua, mwaka jana mi mwenyewe niliinama kuokota soksi ya mtoto nikabaki hapohapo, siinuki sikai, nimeng'ang'ania ukingo wa kitanda naita watu. Sasa umeuliza kama ni kweli wale wa tiba ya Kichina ya sindano walinisaidia. Walinisaidia, tena sana tu, ila ngoja nikusimulie ilivyokuwa maana ukiuliza watu wawili mmoja atakwambia ni miujiza mwingine atakwambia utapeli mtupu, na wote wanapiga chuku. (Mi chuku nimepigwa kweli, huko ntafika.)

Kabla ya yote, ile ganzi uliyoitaja juujuu. Inashuka mpaka chini ya goti? Na pale unapokalia, katikati ya mapaja mpaka huko ndani, pana ganzi? Mkojo unaubana vizuri? Maana kama mkojo unakutoka au hautoki kabisa, au hapo katikati hapasikii, au mguu unalegea, sindano achana nazo kabisa, hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku, neva zinakuwa zimekabwa huko chini na zikikaa hivyo hazirudi. Na kama una homa au unapungua mwili bila sababu, hapo pia hospitali kwanza. Mi nilipimwa wakasema ni misuli, ndo nikaenda huko kwingine na roho safi.

Basi nimefika, nikadhani ntaambiwa lala tuone mgongo, wapi! Yule dada akanishika mkono, vidole vitatu kwenye mapigo, wa kulia akamaliza akahamia wa kushoto, kimyaa, alafu akasema toa ulimi. Nikatoa. Maswali sasa: maumivu yanazidi kukiwa na baridi na mvua? yanachoma sehemu moja ukiguswa unaruka? au ni uchovu tu wa kiuno, ukipumzika na kusuguliwa unapata nafuu? Kumbe kwao kila jibu lina njia yake. La kwanza wanasema ni baridi na unyevu vimekuingia, la pili damu imetuama, la tatu figo zimechoka, na figo zao hizo siyo hasa zile za kupimwa mkojo, ni namna yao ya kuita nguvu ya mwili. Kwenye Huangdi Neijing, kitabu chao cha miaka kama elfu mbili iliyopita, kiuno kinaitwa nyumba ya figo. Mi niliangukia damu kutuama.

Sasa sikia kituko. Sindano za kwanza hakunichoma mgongoni, kanichoma mkononi! Nyuma ya kiganja, mbili, katikati ya mifupa ya vidole, alafu ananiambia simama zungusha kiuno polepole. Yani mtu mzima nimesimama na sindano mkononi nakata kiuno kama niko kwenye ngoma, na we unajua mi ngoma siiwezi. Lakini dakika kama kumi nikajikuta nainama kufika magotini, mi ambaye nimeingia pale naburuzwa. Ndo akanilaza kifudifudi, akaweka zingine pembeni ya uti wa mgongo na mbili nyuma ya magoti kwenye mkunjo, hapo panaitwa Weizhong, wana msemo wao kabisa kwamba mgongo na kiuno vikisumbua katafute Weizhong. Haiumi kama ya hospitali, ni nyembamba sana, ila ikifika penyewe unasikia uzito fulani unasambaa kama shoti iliyolala, na wao ndo wanataka hiyo.

Siku ya tatu ndo chuku sasa. Vikombe vya kioo, anapitisha moto ndani chap anatoa, anakibandika, nyama inavutwa juu. Kama hijama tu ila yangu haikuchanjwa. Nilirudi na miduara ya zambarau mgongo mzima, baba watoto akauliza nimepigana na pweza au vipi. Si unakumbuka yule muogeleaji Michael Phelps kwenye Olimpiki ya Rio 2016 na yale madoa mabegani? Ndo hayo. Yanaisha yenyewe kama wiki hivi.

Nisikudanganye lakini, ile nafuu ya kwanza ilikaa siku mbili ikakimbia. Nilienda mara mbili kwa wiki mpaka zikafika kumi. Wajerumani walitoa utafiti wao 2007, wagonjwa 1162 wa mgongo wa muda mrefu, nao sindano mara kumi, walioguswa na nafuu ya maana baada ya miezi sita walikuwa karibu nusu, wa matibabu ya kawaida robo na kidogo. Ila sasa kulikuwa na kundi la tatu, hao walichomwa za geresha, juujuu na siyo kwenye pointi zao, na hao nao karibu nusu! Ndo maana wakubwa hawaelewani, Uingereza 2016 mwongozo wao ukasema zisitolewe kwa mgongo, Marekani 2017 madaktari wa magonjwa ya ndani wakaziweka kwenye vya kujaribu kabla ya vidonge. Mi naona hivi, sindano zilinipunguzia maumivu nikapata nafasi ya kutembea, na kutembea ndo kulikonirudisha. Wiki niliyochomwa alafu nikarudi kulala siku nzima, sikupata kitu.

Dawa za kuchemsha hapo ndo nakusihi. Kuna mchanganyiko wao maarufu wa kiuno, Duhuo Jisheng Tang, ni wa tabibu Sun Simiao wa karne ya 7, mimea 15. Mmoja wapo ni gome la duzhong, ukilivunja halikatiki, linatoa nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, nilikaa nalivunjavunja kama mtoto. Nzuri kuangalia, ila mi sikunywa. Mmea mwingine wa humo unatoka kwenye ukoo wenye asidi ya aristoloki inayoua figo, za kweli sasa, Ubelgiji miaka ya 90 wanawake waliokunywa dawa za kupunguza mwili zenye mmea uliokosewa waliharibikiwa figo wengi tu. Kwahiyo kikombe usipokee cha mtu asiyekutajia kilichomo kimoja kimoja.

Na ukienda angalia sindano zinafunguliwa kwenye pakiti mpya mbele yako. Ile dawa ya kuzuia damu kuganda bado unatumia? Kama ndiyo waambie kabla hujavua hata kiatu.

Ila nijibu la ganzi leo, siyo kesho, nasubiri hapa na simu mkononi.

Wako,
Mama Imani