Mkali akishinda mchujo: barua kwa Rashidi

Grand Rapids, Michigan

Ndugu yangu Rashidi,

Salaam aleikum. Nifikishie shikamoo kwa Mama, na umwambie dawa ya miguu nimeipata, itakuja na mgeni wa kwanza atakayefika Kigoma. Sisi huku hatujambo, kazi tu.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikaurudia. Umeuliza mambo mawili kwa pumzi moja: kama Wamarekani wengi wanasema hawawataki wanasiasa wenye misimamo mikali, hao waliojaa kwenye Kongresi yao wametokea wapi, na je, anayempigia kura mtu mkali, naye ni mkali? Najua umeuliza kwa kunichokoza, kwa sababu nimeapa uraia wa huku na sasa unanihesabu kuwa wao. Basi nakujibu kama wao. La kwanza jepesi. La pili limenikalia kichwani tangu 2022, nami nitakueleza kwa kisa cha mjini hapa hapa ninakopigia kura.

Grand Rapids ni mji wa Gerald Ford. Aliwawakilisha watu wa hapa kwenye Baraza la Wawakilishi tangu 1949 hadi 1973, alipochukuliwa kuwa Makamu wa Rais, kisha akawa Rais. Ukiacha kipindi kifupi baada ya yeye kuondoka, kiti hiki Republican ndio waliokuwa wakikishinda miaka yote. Republican ya watu wa kanisani na wenye viwanda vya samani, watu wasiopenda makelele. Mwaka 2020 wakamchagua kijana anayeitwa Peter Meijer, wa ile familia yenye maduka makubwa ambako mimi na majirani zangu Wakongo tunanunua unga na mafuta. Aliapishwa Januari 3, 2021. Siku tatu baadaye wafuasi wa Trump wakavamia jengo la Kongresi. Wiki iliyofuata, Januari 13, Meijer akapiga kura ya kumshtaki Trump, rais wa chama chake mwenyewe. Warepublican waliothubutu kufanya hivyo katika Baraza zima walikuwa 10.

Hapo ndipo unapoingia mchujo, yaani kura ya Agosti ya kumpata mgombea wa kila chama. Wewe kura za maoni unazijua, na najua yaliyokupata kwenye ule udiwani hujayameza mpaka leo. (Wajumbe si watu!) Huku hakuna wajumbe. Mjumbe ni mpiga kura yeyote. Michigan hata hujiandikishi kuwa mwanachama wa chama: Agosti unaingia, unapewa karatasi yenye safu ya Republican na safu ya Democratic, unachagua moja kwa siri. Ukichanganya safu, kura yako ya vyama imeharibika. Ukiitazama hivyo unaona uhuru mkubwa. Shida ni nani anakwenda. Watu wanaotoka Agosti ni wachache kuliko wa uchaguzi mkuu wa Novemba, na wengi wao ni wale wenye moto wa chama, wasiosamehe aliyekwenda kinyume. Wale wastani, wenye watoto, wenye zamu mbili za kazi, wanasubiri Novemba, nao wanakuta chakula kimeshapakuliwa.

Dhidi ya Meijer alisimama John Gibbs, aliyekuwa ofisa kwenye wizara ya nyumba ya serikali ya Trump, akitilia shaka matokeo ya 2020 na akiwa na baraka za Trump mwenyewe. Hakuwa na fedha za kumfikia Meijer. Ndipo likatokea jambo ambalo nikilikumbuka damu inanichemka. Kamati ya Wademokrati inayosimamia kampeni za Baraza la Wawakilishi ikatoa karibu dola 425,000 kwa tangazo la televisheni kuhusu Gibbs. Lilijifanya linamponda: huyu ni mhafidhina mno kwa Michigan magharibi, huyu ameteuliwa na Trump. Kwa mpiga kura wa mchujo wa Republican hizo ni sifa tupu. Walimpigia debe mtu ambaye wao wenyewe walikuwa wakisema watu wa aina yake ni hatari kwa demokrasia, kwa kuwa waliamini ni rahisi kumwangusha kuliko Meijer. Agosti 2, 2022, Gibbs akashinda kwa kama asilimia 52 dhidi ya 48.

Novemba, Hillary Scholten wa Democratic, wakili wa mambo ya uhamiaji ambaye Meijer alimshinda 2020, akambwaga Gibbs kwa pointi 13. Hesabu yao ilitiki. Mimi nilimpigia Scholten, sitakuficha, lakini tangazo lile siwasamehi. Wangekosea hesabu kidogo tu, nani angelipa? Mbinu yenyewe haikuwa ngeni: mwaka 2012 kule Missouri, Claire McCaskill wa Democratic, aliyekuwa akitetea kiti chake cha useneta alilipia matangazo ya kumnyanyua Todd Akin kwenye mchujo wa Republican, naye Akin akaja kujimaliza mwenyewe kwa kauli yake juu ya ubakaji. McCaskill alishinda kwa zaidi ya pointi 15 siku ile ile ambayo jimbo lake lilimchagua Romney wa Republican kwa urais.

Sasa usikimbilie kusema pointi 13 zote za Grand Rapids ni adhabu ya ukali. Mipaka ilikuwa imechorwa upya na tume huru, na ndani ya mipaka hiyo mipya Biden alikuwa amemzidi Trump kwa pointi 8 hivi. Juni 2022 Mahakama ya Juu iliifuta Roe, hukumu iliyokuwa ikilinda haki ya kutoa mimba nchi nzima, na kwenye karatasi yetu ya Novemba kulikuwa na swali la haki ya kutoa mimba lililowatoa watu majumbani makundi kwa makundi. Gavana Whitmer wa Democratic naye alishinda kwa zaidi ya pointi 10 jimbo zima. Juu ya hayo, Septemba yaliibuliwa maandishi ya Gibbs ya enzi za uanafunzi wake Stanford, yakikosoa haki ya wanawake kupiga kura. Kampeni yake ikasema yalikuwa ya kuwachokoza watu wa mrengo wa kushoto chuoni. Utatenganishaje kilichotokana na yeye na kilichotokana na upepo?

Kuna msomi, Andrew Hall, alipata njia ya kutenganisha. Mwaka 2015 alichapisha utafiti wa chaguzi za Baraza la Wawakilishi kuanzia 1980 hadi 2010. Alizitazama zile wilaya za uchaguzi ambazo mchujo ulikuwa wa kubanana kati ya mkali na mwenzake wa wastani, mmoja kapita kwa kura chache kana kwamba wamerusha shilingi. Halafu akaangalia Novemba. Chama kilichoangukiwa na mkali kilipoteza kwa wastani kati ya pointi 9 na 13 za kura. Si haba. Lakini lililonifungua macho ni kazi aliyofanya baadaye na mwenzake Daniel Thompson, kuuliza kura hizo zinapotea vipi. Ungedhani watu wa chama wanahama, wanakwenda upande wa pili. Waligundua kwamba sehemu kubwa ni kujitokeza: mkali anawaamsha wapinzani wake kuliko anavyowaamsha watu wake.

Soma tena hilo la mwisho, maana ndilo jibu la swali lako la pili, kama anayempigia mkali naye ni mkali. Watu hawahami kirahisi.

Chukua Alabama, Desemba 2017. Kiti cha Seneti kiko wazi, jimbo ambalo Trump alilichukua kwa pointi 28. Republican wakamsimamisha Roy Moore, jaji mkuu wa jimbo aliyeondolewa kazini 2003 kwa kukaidi amri ya mahakama juu ya mnara wa Amri Kumi, akarudi kwenye kiti kile kile, akasimamishwa tena 2016. Katikati ya kampeni gazeti la Washington Post likaandika habari za wanawake waliosema aliwafuatafuata walipokuwa wasichana wadogo. Alikana. Unadhani alipata ngapi? Zaidi ya asilimia 48. Doug Jones wa Democratic alishinda kwa tofauti ya chini ya kura 22,000, na kura za watu walioandika jina la mtu mwingine kwa mkono zilizidi tofauti hiyo. Mmoja wa walioandika alikuwa seneta wa Republican wa jimbo hilo hilo, Richard Shelby, aliyesema hadharani kwamba hakuweza kumpigia Moore, akaandika jina la Republican mwingine. Umeona? Hata anayemkataa mgombea haendi ng'ambo, anasimama mlangoni. Mwaka 2020 chama kilipoleta mgombea asiye na mzigo ule, Tommy Tuberville, Jones akashindwa kwa pointi 20.

Na usidhani nawasema Republican kwa sababu ya kura yangu. Oregon, 2022, kwenye mchujo wa Democratic, Jamie McLeod-Skinner wa mrengo wa kushoto alimng'oa Kurt Schrader aliyekuwa akitetea kiti. Wilaya ile Biden alikuwa ameshinda kwa karibu pointi 9. Novemba ikaenda kwa Republican kwa pointi 2. Omaha, Nebraska, Kara Eastman aliushinda mchujo wa 2018, akaanguka Novemba, akarudi 2020, akaanguka tena mbele ya Don Bacon wa Republican siku ile ile Biden alipoichukua wilaya. Hao wa Omaha waliogawa kura zao, Biden juu na Bacon chini, ni watu adimu siku hizi. Mwaka 2016 kila jimbo lililokuwa na uchaguzi wa Seneti lilimpa ushindi seneta wa chama kile kile kilicholichukua jimbo kwa urais, jambo lililokuwa halijapata kutokea. Mafiga matatu, kama tunavyosema kwetu. Hapa Michigan wamerahisisha zaidi: tangu wananchi walipoamua hivyo kwa kura 2018, juu ya karatasi kuna kiduara cha kila chama. Paka wino kimoja, umemaliza wagombea wote wa vyama kuanzia gavana hadi wa kata, hata kama hujasoma jina moja.

Nina jirani, mzee wa Uvira, Kongo, aliyekaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka mingi kabla ya kuletwa hapa. 2022 ilikuwa mara yake ya kwanza kupiga kura Marekani. Ni mtu wa Pentekoste, anasimamia maombi, mpole hata kuku wake angemwonea haya kumchinja. Nilimuuliza kama anamjua Gibbs ni nani. Akaniambia, "Huyo simujue. Lakini upande wake naujua." Alichagua upande unaokataa utoaji mimba, basi, Gibbs alipanda gari hilo bila mzee kujua kuwa amempakia. Ukimwita mzee yule mkali utakuwa umemdhulumu. Lakini kura yake ilihesabiwa sawa na ya mwenye bendera kumi uwanjani.

Kwa hiyo ukali una gharama, ila gharama hiyo inalipwa tu pale ambapo pointi chache zinaamua. Na mahali pa namna hiyo hapazidi sana kiti kimoja kati ya kumi, katika viti 435. Kwingine ni ngome. Marjorie Taylor Greene wa Republican kule kaskazini-magharibi mwa Georgia alisema aliyoyasema na bado 2022 akapata karibu theluthi mbili ya kura. Mwenzake wa chama, Lauren Boebert wa Colorado, ndiye aliyelielewa hili kuliko wasomi wote. Mwaka ule ule alinusurika kwa kura 546 kwenye wilaya ambayo ilipaswa kuwa yake kwa raha. Hakubadili maneno. Alihama wilaya. Mwaka 2024 akagombea upande wa mashariki wa jimbo, kwenye ngome, akapita mchujo wenye watu wengi kwa chini ya nusu ya kura, na Novemba akarudi Kongresi bila jasho.

Utaniuliza dawa. Wale Warepublican 10 waliomshtaki Trump: wanne hawakugombea tena, wanne walianguka kwenye mchujo, wawili wakarudi. Wawili hao, David Valadao wa California na Dan Newhouse wa Washington, wanatoka majimbo ambako mchujo ni karatasi moja ya wagombea wote, na wawili wa juu wanaingia Novemba hata wakiwa wa chama kimoja. Nilitaka kuamini kwamba hapo ndipo penye siri. Lakini Jaime Herrera Beutler naye alikuwa Washington, karatasi ile ile, na Joe Kent, mwenye baraka za Trump, alimtoa kwa kura kama 1,000 hivi. Novemba Kent akashindwa na Marie Gluesenkamp Perez, mwanamke mwenye gereji, kwa kura zipatazo 2,600, kwenye wilaya ambayo Trump huishinda. 2024 Kent akarudi, akapita mchujo tena, akashindwa tena na kwa tofauti kubwa zaidi. Kwa hiyo karatasi inasaidia, haiponyi. Mimi naona kazi kubwa iko kwenye Agosti: wale wa zamu mbili watoke. Hata mzee wa Uvira nimeshamwambia, mwaka wa uchaguzi ujao nitampitia na gari Agosti, achague safu anayoitaka yeye, sitamchungulia.

Hilo la wewe kutia nia tena ya udiwani, tutalizungumza kwa simu. Si la kuandika. Na usimwambie shemeji kwamba nimelijua, maana kwenye ujumbe nilimsikia nyuma yako akisema hataki hata kulisikia.

Nduguyo,
Ramadhani